Dunia imeteketea, waliobaki wanahesabu vidole vya watoto: uzi kuhusu The Chrysalids na vitabu vya aina yake

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na utafichua kila kitu hadi ukurasa wa mwisho, kwa hiyo ambaye hajasoma na hataki kuharibiwa utamu apite kwanza, arudi baadaye.

Nataka tuzungumzie The Chrysalids ya John Wyndham, Mwingereza, iliyotoka mwaka 1955. Ni hadithi ya dunia baada ya maangamizi. Wengi wakisikia hivyo wanawaza njaa, magofu na watu kuuana kwa ajili ya petroli na makopo ya maharage. Humu hakuna hata kimoja. Humu watu wana mashamba, wana mifugo, wanaoa na kuozesha, Jumapili wanakwenda kanisani. Njaa walishaishinda zamani. Ndiyo maana kitabu kinatisha, kwa sababu walioshiba wamepata nafasi ya kuulizana nani ni mtu na nani si mtu.

Hoja yangu naiweka mapema ili mnibane vizuri. Ukali wa jamii ile haukuachwa na moto uliounguza dunia. Unalishwa kila siku, na wanaoulisha wana wanachokipata. Wyndham ameionyesha hiyo faida waziwazi, na wasomaji wengi wanaipita wakikimbilia habari za watoto wenye kipaji cha kuzungumza kwa mawazo.

#2 (mleta uzi)

Kwanza mazingira. Tupo Labrador, kaskazini mashariki mwa Kanada, ambayo humo kitabuni hali yake ya hewa imekuwa ya joto kiasi cha kulimika. Kijiji kinaitwa Waknuk. Miaka mingi sana iliyopita Watu wa Kale walikuwa na dunia kubwa, kisha ikashuka Dhiki. Wao wanaamini ni adhabu ya Mungu. Sisi wasomaji tunatambua polepole kwamba ilikuwa vita ya mabomu ya atomiki: mabaharia wanasimulia pwani nyeusi kusini ambako hakioti kitu, na ardhi iliyoyeyuka ikawa kama kioo.

Kumbukeni mwaka. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, megatoni 15, na majivu yake yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mtu aliyekuwa anasoma magazeti ya wakati ule hakuhitaji kuelezwa Dhiki ni nini.

Vitabu vya zamani walivyo navyo ni viwili tu. Biblia, na kingine kilichoandikwa baada ya maangamizi na mtu aitwaye Nicholson, kinachoitwa kitabu cha Toba. Hicho cha pili ndicho kinachotawala. Ndicho kinachotoa tafsiri ya mtu: viungo hivi, vidole vitano kila mguu, kila kidole na ukucha wake bapa. Watoto wanaikariri. Mmea uliotoka tofauti ni Chukizo, shamba linachomwa. Ndama aliyezaliwa tofauti naye ni Chukizo, anachinjwa alfajiri huku familia ikiimba nyimbo za dini. Binadamu aliyezaliwa tofauti anaitwa Kufuru. Huyo hauawi mchana kweupe. Anafungwa uzazi, anatupwa Pembezoni, huko msituni, akafe au aishi atakavyojua.

#3 (mleta uzi)

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Msimulizi ni David Strorm, mtoto wa Joseph Strorm, mkulima mkubwa na mhubiri wa kijiji. Ukutani sebuleni kuna mbao zilizochongwa maneno, yote yanahusu usafi wa kizazi na kumwangalia asiye sawa. Mtoto anakula chini ya mbao hizo tangu siku anapoanza kukaa kitini.

Kuna tukio dogo ambalo nadhani ndilo moyo wa kitabu. David ameumia mkono, anahangaika kujifunga kitambaa, mkono mmoja unashika na mwingine unazungusha. Linamponyoka neno: angekuwa na mkono mwingine wa kusaidia, angefunga vizuri. Basi. Neno ambalo yeyote kati yetu angelisema jikoni akiwa ameshika sufuria ya moto. Nyumba nzima inanyamaza. Baba anageuka, anataka kujua kama mtoto ametamani kuwa na mkono wa tatu, yaani ametamani kuwa Kufuru. Mtoto analazimishwa kupiga magoti na kuomba msamaha mbele ya watu wote.

Angalieni kilichotokea pale. Hakuna aliyezaliwa na mkono wa tatu. Hakuna mmea ulioharibika. Kinachoadhibiwa ni kutamka. Na tangu usiku ule David anajifunza kuchuja kila neno kabla halijatoka mdomoni. Mtoto akishafundishwa hivyo, mkaguzi, yule ofisa wa serikali anayeamua nani na nini ni sawa, hana haja ya kuja nyumbani kila siku.

Tena kuna Sophie, rafiki yake wa utotoni, mwenye vidole sita. David anaona ule mguu kwa macho yake, na wala haimjii akilini kwamba ndiyo ile Kufuru anayoikariri kanisani. Kwake yule ni msichana aliyebanwa mguu kwenye mawe na anaumia. Maneno aliyokariri yako upande mmoja wa kichwa, Sophie yuko upande mwingine. Wyndham angeweza kuandika mtoto anayeshtuka na kukimbia. Hakufanya hivyo, na amepatia kabisa.

#4

Mleta uzi, umeandika vizuri ila mimi nakupinga kidogo. Hao watu walikuwa na sababu. Mionzi inaharibu mbegu kweli. Ukiacha mahindi mabovu yazaane na mazuri, miaka mitano huna chakula. Hata bwana shamba wa kawaida angekwambia ng'oa. Sasa hapo chuki iko wapi? Mbona mimi naona ni uangalizi tu?

#5 (mleta uzi)

Mkuu, nashukuru umeuliza hilo, maana ndilo linalokipa kitabu nguvu. Kweli, kwenye mashamba wana hoja. Wyndham hakuwafanya wajinga. Mipaka ya Nchi Mbovu, ile ardhi iliyoharibiwa na Dhiki, inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, mavuno yanakuwa safi zaidi, na Joseph Strorm anaona hayo yote ni matunda ya ukali wake.

Lakini fuatilia habari ya farasi. Jirani yao, Angus Morton, ananunua farasi wawili wakubwa ajabu, wanaofanya kazi ya farasi kadhaa wa kawaida. Joseph anawaona, damu inamchemka, anakimbilia kwa mkaguzi kutaka wauawe. Mkaguzi anamwonyesha karatasi: serikali imewaidhinisha. Maana yake, kitu ni Chukizo mpaka pale kinapoleta faida kwa wenye nguvu, na hapo kinapata cheti. Joseph hakubali. Anaona hata serikali imeoza.

Kisha kuna paka wa jirani mwingine, amezaliwa bila mkia. Shauri lake bado linachunguzwa, mwenyewe ana haki ya kukata rufaa. Joseph hasubiri, anamchukua paka na kumuua. Baadaye inakuja taarifa rasmi: paka wasio na mkia ni aina halali, wanajulikana tangu kale. Anaingia kwenye aibu ya kuomba radhi hadharani. Je, analegea? Anazidi kuwa mkali. Uangalizi wa mbegu ungemfundisha kitu siku ile, maana alikosea waziwazi na karatasi ikasema hivyo. Yeye alichojifunza ni kumchukia mkaguzi.

Na hapo ndipo nataka tufike. Joseph si mtoto wa kwanza wa baba yake. Alikuwa na kaka, Gordon. Alipokuwa bado mdogo, mikono na miguu yake ikaanza kurefuka kupita kawaida, cheti chake cha kuhesabiwa mtu kikabatilishwa, akatupwa Pembezoni. Tunamkuta huko akiwa mtu mzima, kiongozi wa waliotupwa, na sura yake ni ya Joseph mtupu. Kama Gordon angehesabiwa kuwa mtu, shamba lote la Waknuk lingekuwa lake. Kila ekari anayohubiri juu yake Joseph imesimama kwenye ile tafsiri ya mtu. Ikilegezwa kidogo tu, nyumba si yake, kiti cha mbele kanisani si chake.

Sisemi kwamba ni mnafiki. Anaamini kweli kila neno. Lakini ni vigumu mno mtu kuchunguza imani inayomlisha.

#6

Duh. Nimekisoma mara mbili na hilo la urithi lilinipita kabisa. Vipi habari ya shangazi? Mimi pale nililia.

#7 (mleta uzi)

Dada, pale hata mimi nilifunga kitabu kwanza.

Kwa ambao hawajasoma: mama yake David amejifungua mtoto wa kike, Petra. Nyumba nzima inajifanya haijasikia kilio cha mtoto, kwa sababu kabla mkaguzi hajatoa cheti mtoto huyo kisheria hayupo. Hakuna hongera, hakuna jina. Mkaguzi naye, kwa kinyongo cha yale ya farasi, anachelewesha kwa makusudi. Anatoa cheti, anakunywa, anaondoka, ndipo kijiji kinaruhusiwa kujua kwamba kuna mtoto.

Muda mfupi baadaye anafika Harriet, mdogo wake mama, na kichanga chake. Kina alama ndogo sana, haionekani kirahisi. Ni mtoto wake wa tatu wa namna hiyo, wawili wa mwanzo walishachukuliwa, na sheria inamruhusu mume amfukuze. Anamwomba dada yake kitu kimoja: amwazime Petra siku chache tu, ampeleke kwa mkaguzi wa kwao, apate cheti, amrudishe. Dada anakataa kwa hasira. Joseph anaingia, anamwamuru akaungame. Harriet anajibu kwamba ataomba, lakini atamwomba Mungu awahurumie wenye miili isiyo sawa. Anaondoka na mwanawe kwenye gari la farasi. Baadaye mwili wake unaokotwa mtoni. Kuhusu mtoto hakuna anayesema neno.

Mama yake David hakuwa katili kwa asili. Muda mfupi kabla alikuwa kwenye hofu ileile ya dada yake. Angeweza kusema ndiyo, na pengine hakuna ambaye angejua. Lakini aliyetoka kupewa cheti ndiye mwoga kuliko wote, kwa sababu sasa ana kitu cha kupoteza.

#8

Nipo Mombasa, nachangia kidogo. Haya ya kuhesabu vidole na kungoja mtu aje kukagua mtoto hayahitaji bomu la atomiki. Huku kwetu wazee walikuwa na kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Bibi yangu alisema walimwogopa kama balaa, na zamani hakuachwa hai. Mama angechungulia ufizi wa mwanawe kila asubuhi akiomba yaanze ya chini.

#9 (mleta uzi)

Ahsante sana mkuu. Hiyo picha ya mama anayechungulia ufizi ndiyo Harriet yuleyule.

Niongeze upande wa Kanada yenyewe, kwa kuwa kitabu kimewekwa huko. Wakati Wyndham anaandika habari za kufunga watu uzazi kwa amri ya serikali, jimbo la Alberta lilikuwa linafanya hivyo kwa sheria. Ilipitishwa mwaka 1928, ikafutwa 1972, na watu wapatao 2,800 walifungwa uzazi kwa uamuzi wa bodi iliyokaa mezani na mafaili. Mmoja wao, Leilani Muir, alifanyiwa mwaka 1959 akiwa kwenye taasisi ya serikali, akaambiwa ni upasuaji wa kidole tumbo. Alikuja kujua ukubwani, alipotaka mtoto akashindwa kupata. Aliishtaki serikali ya jimbo akashinda mwaka 1996. Ujerumani nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1933, na waliofungwa uzazi wanakadiriwa kufika 400,000.

Sidai kwamba Wyndham alikuwa na Alberta kichwani. Ninachosema ni kwamba mkaguzi wa Waknuk ana sura ya kweli. Ni mpole. Baada ya Sophie kugunduliwa anamtembelea David na kuzungumza naye taratibu, kama mtu mzima anayemjali mtoto. Hapigi kelele, hatukani. Anajaza fomu. Nyumba ya Strorm ingekuwa na Joseph peke yake, watu wangeweza kumkimbia. Joseph akiwa na mkaguzi mpole nyuma yake, hakuna pa kukimbilia.

Na huku kwetu Tanzania tusijifanye tumesimama mbali. Tumeona watu wenye ualbino wakiwindwa, na watoto wao wakipelekwa kuishi kwenye vituo kama Buhangija kule Shinyanga ili wasiuawe vijijini. Mtoto anaondolewa kwao kwa usalama wake, na kijiji kilichomtisha kinabaki palepale na amani yake. Hilo linanisumbua kila ninapofika kwenye kurasa za Pembezoni.

#10

Nauliza kuhusu mwisho. Mimi nilifurahi wale vijana walipookolewa. Wewe umesema nini kuhusu mwisho?

#11 (mleta uzi)

Mwisho ndio ugomvi wangu na kitabu, tukae hapo.

David na wenzake wachache wana kipaji cha kuzungumza kwa mawazo. Miili yao haina kasoro, vyeti wanavyo, hivyo wanaishi wamejificha katikati ya kijiji. Wakigunduliwa wanakimbilia Pembezoni, Waknuk inawafuata kwa silaha, vita inapigwa. Wakati huo Petra, ambaye kipaji chake kina nguvu kupita wote, amewasiliana na watu wa mbali mno, nchi ambayo ni wazi ni New Zealand. Wanakuja na chombo kinachoruka. Kinamwaga nyuzi zinazonata kama utando wa buibui, zinakauka, zinabana. Wote walioko uwanjani wanakufa, wa Waknuk na wa Pembezoni pia. Watoto wetu wanafunguliwa, wanabebwa kwenda kwenye mji wa watu wanaofanana nao.

Yule mwanamke aliyeshuka kwenye chombo anatoa maelezo. Kwa maneno yangu: uhai ni mabadiliko, anayekataa kubadilika lazima aondoke, sisi ni kizazi bora, hawa wamepitwa, hatuna sababu ya kuona haya. Anasema haya maiti zikiwa bado zimelala pale.

Sasa niambieni, hiyo ni lugha ya nani? Ni Joseph aliyebadilishiwa kipimo. Kwanza kipimo kilikuwa vidole, sasa ni kipaji cha akili. Waliokufa uwanjani wamo watu wa Pembezoni, wale waliotupwa utotoni, ambao kosa lao lote ni mikono mirefu au vidole vya ziada. Walitupwa na Waknuk kwa kuwa hawafanani, wakauawa na waokoaji kwa kuwa hawafanani.

#12

Mkuu nadhani unamwonea mwandishi. Kumweka mtu aseme kitu si kukubaliana naye. Wyndham aliishi vita, alikuwa kwenye jeshi lililoshuka Normandy, kabla ya hapo alifanya kazi ya kukagua maandishi serikalini. Huyo anajua ushindi unavyonuka. Labda ametaka tuone haya.

#13 (mleta uzi)

Hoja nzuri, nami nimeizungusha sana kichwani. Nina sababu ya kuikubali nusu. Sababu ni mjomba Axel.

Axel ni baharia wa zamani, mguu mbovu, ndiye mtu mzima pekee anayejua siri ya David na kuinyamazia. Anamsimulia kwamba huko kusini wako watu wa maumbo tofauti, kila kundi limeshika dini, na kila kundi linaamini lenyewe ndilo mfano halisi wa Mungu na wengine ndio walioharibika. Halafu anamuuliza swali ambalo Joseph hawezi kulivumilia: tunajuaje Watu wa Kale walifananaje? Hakuna aliyewaona. Tunawachinjia ndama na kuwatupia watoto kwa ajili ya sura tuliyoibuni wenyewe. Mtu aliyeandika Axel hawezi kuwa kipofu kwa yule mwanamke wa New Zealand.

Nusu nyingine siwezi kuikubali, kwa sababu David hambishii. Hakuna hata mmoja kwenye kile chombo anayemuuliza lile swali la Axel, na David amelibeba tangu utotoni. Hadithi inaondoka na waokoaji, na furaha ya kufika inaachwa iwe furaha. Sophie amekufa palepale, rafiki yake wa kwanza, na kurasa chache mbele tunaangalia mji mzuri kutoka angani. Mwandishi angetaka tuone haya, angeweza kumpa David sentensi moja tu.

Hata Axel si safi. Kuulinda usiri wa watoto alimuua mtu aliyekuwa anakaribia kuwafichua, mume wa Anne, mwenzao mwenye kipaji. Lakini yeye anakiri alichofanya. Hakuuita kanuni ya uhai. Hiyo tofauti naiona kubwa sana.

#14

Tupe vingine vya kusoma vya mtindo huu, na vya kwetu kama vipo. Na uanze na kipi?

#15 (mleta uzi)

Anza na The Long Tomorrow ya Leigh Brackett, Mmarekani. Imetoka mwaka uleule, 1955. Huko baada ya vita katiba imebadilishwa: marufuku mji kuzidi watu 1,000 au majengo 200 kwa maili moja ya mraba, kwa kuwa miji ndiyo iliyolengwa na mabomu. Madhehebu yaliyojua kuishi bila umeme yamekuwa ndiyo yenye nguvu. Mwanzoni kabisa umati ulio kwenye ibada unampiga mawe mfanyabiashara hadi kufa kwa kushukiwa ana ujuzi wa kale. Kisomwe baada tu ya The Chrysalids, maana Brackett anafanya ambalo Wyndham hakulifanya: kijana anafika kwa hao wajuzi aliowaota, na anakuta nao wana ukuta wao na masharti yao.

Cha pili ni A Canticle for Leibowitz ya Walter Miller, 1959. Baada ya vita umati unawaua wasomi na kuchoma vitabu, na kuitwa mjinga kunakuwa sifa. Watawa wachache wanaficha karatasi wasizozielewa. Mwandishi mwenyewe alikuwa kwenye ndege za Marekani zilizoshambulia monasteri ya Monte Cassino Italia mwaka 1944.

Cha tatu, na ndicho kigumu zaidi moyoni, ni Parable of the Talents ya Octavia Butler, 1998. Hakuna bomu. Nchi inaporomoka taratibu, anachaguliwa rais wa kuwarudisha watu kwenye dini moja, na wafuasi wake wanavamia jamii ndogo ya watu waliojipanga kuishi kwa amani, wanawavisha vikola vya umeme shingoni na kuwagawa watoto wao kwa familia zinazofaa. Butler anampa nafasi hata binti aliyelelewa upande ule amlaumu mama yake. Ni yeye pekee kati ya hawa anayekuacha umsikilize aliyekulia ndani ya ile imani, bila kumdharau.

Kwa Kiswahili, Kezilahabi anayo Mzingile, 1991. Dunia imeteketea humo pia, ila njia yake ni nyingine, ni ya falsafa na mafumbo, na inataka isomwe pamoja na Nagona iliyotangulia. Mwalimu yeyote wa fasihi humu anayeijua kwa kina aje atuanzishie uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuufungua.